Jua la Jumamosi

Same, 4 Agosti 1991

Mwanangu Raheli,

Salaam nyingi. Natumaini u mzima na chakula cha chuo kinapita kooni. Sisi tupo. Mama yako huko Suji mlimani anasumbuliwa na goti, mimi huku tambarare nasumbuliwa na yote yaliyobaki.

Madaftari uliyoomba nimempa kondakta wa basi, ndani ya gunia la sukari. Gunia ndilo tulilobaki nalo. Sukari yenyewe sijui ilikwenda wapi. Humo mna adhuhuri zote za kituo chetu tangu 1985: naelekeza antena kwenye jua, nangoja sindano ya mashine itulie, naandika ukubwa wa kelele ya redio inayotoka huko. Miaka sita, shingo yangu imebaki imepinda. Watu hapa mjini wananiita Bwana Jua, wala si kwa kunisifu.

Ofisi wanasema watapunguza wafanyakazi, orodha inaandaliwa. Mtu wa miaka hamsini na mbili anayesikiliza jua hahitajiki sana siku hizi ambapo kila mtu anauza mitumba. Basi angalau wewe uyatumie.

Baba yako,
Zefania

Dar es Salaam, 1 Septemba 1991

Baba, shikamoo.

Mimi sijambo. Goti la mama vipi? Madaftari yamefika salama, yananuka dagaa.

Uliniuliza likizo ninayafanyia nini. Ni hivi: kelele ya jua ikipanda, hewa ya juu kabisa, kule zinakopita setilaiti, hupata joto ikatanuka. Setilaiti zinakokotwa na hewa hiyo, zinashuka kabla ya wakati wake. Kwa namba zako naweza kuonyesha ilitanuka siku gani na kwa kiasi gani. Mwalimu wangu aliyafunua, akasoma mpaka la mwisho, kisha akauliza huyu mzee ni nani.

Ila kuna jambo, Baba. Ukiacha kurasa za mwanzo, kila siku ya saba namba iko katikati kabisa ya ile ya jana yake na ya kesho yake. Haikosei hata mara moja. Nimechukua kalenda, nikakuta ni Jumamosi. Zamani Jumamosi alikuwa anapima mzee Sebastiani, Mkatoliki wenu aliyetoka mashamba ya mkonge. Alihamishwa mwaka huo huo wa 1985. Baada yake alipima nani?

Mwanao,
Raheli

Same, 22 Septemba 1991

Marahaba, mwanangu.

Goti la mama yako linaendelea; siku hizi linatabiri mvua kuliko redio. Mbuzi wa Wamaasai wametafuna waya wa antena. Nimeufunga kwa kitambaa cha lile shati nililovaa harusi ya kaka yako Hezroni, kwa hiyo siku ya mahafali yako usitegemee baba mtanashati. Vitunguu mwaka huu vimejaa, wanunuzi hamna. Juzi nimepika makande, nikayaunguza, nikayala hivyo hivyo.

Swali lako nimeliona. Leo nimechoka tu.

Baba yako

Dar es Salaam, 13 Oktoba 1991

Baba, shikamoo, na pole kwa makande.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Goti lipo, mbuzi wapo, shati lipo, jibu halipo.

Kuna Jumamosi moja ya mwaka 1989. Vituo vya nchi nyingine vinaonyesha jua lilichafuka siku hiyo. Kwenye daftari lako limelala usingizi. Mwalimu ameona, nikamwambia nitauliza nyumbani.

Natakiwa kumaliza tasnifu yangu mwakani mwezi wa pili. Naweza kuandika kwamba mashine ilikuwa mbovu siku hizo. Ofisi wakijua vingine, na orodha ndiyo hiyo inaandaliwa, wewe utakuwa wa kwanza. Niambie niandike hivyo, nami nitaandika.

Mwanao,
Raheli

Same, 1 Desemba 1991

Mwanangu Raheli,

Nisamehe kwa ukimya. Barua hii nimeiandika mara nne, na mara nne nimewashia moto wa chai.

Mashine haijaugua hata Jumamosi moja, usiisingizie. Hakuna aliyepima. Sebastiani alipoondoka niliomba mtu, nikaambiwa hakuna fungu. Ijumaa kabla jua halijazama mimi nimeshapanda Suji kwa ajili ya Sabato, unajua mwenyewe. Mwanzoni niliacha nafasi tupu. Ofisi wakanirudishia daftari na wino mwekundu: "Kazi pungufu." Basi Jumapili nikirudi napima, nachukua na ya Ijumaa, najumlisha, nagawa kwa mbili, naandika. Nilijiambia jua haliwezi kufanya makubwa kwa siku moja. Baadaye hata kujiambia nikaacha.

Zimefika mia tatu na kitu. Mimi, mzee wa kanisa, nimelinda amri ya nne, ya Sabato, kwa kuvunja ya tisa, ya uongo, kila juma, kwa kalamu ya serikali.

Wewe usianze kazi yako kwa kuandika uongo wangu kwa huo mwandiko wako mzuri. Zifute zote. Andika kwamba Jumamosi hakuna aliyepima, na jina langu uliweke. Ofisini nimeshaandika mwenyewe juzi, kwa hiyo hakuna tena cha kunifichia.

Baba yako,
Zefania

Suji, 29 Machi 1992

Mwanangu Raheli,

Hongera. Kitabu chako kimefika, nasi tu wazima. Pale mwanzoni palipoandikwa "Vipimo vya Same, siku sita kwa juma: Zefania Mbwambo", nimepasoma kwa sauti mpaka mama yako akaniambia inatosha.

Nimepunguzwa kazi. Usilie. Barua yao ina tarehe ya Julai mwaka jana. Ilikuwa imekaa kwenye droo ya mtu. Jina langu lilikuwa la tatu kabla hata hujafungua lile gunia. Nilipokwenda kusaini nikaikuta barua yangu ya kuungama mezani, haijafunguliwa. Nikaifungua mwenyewe, nikamsomea karani yote. Alikuwa anatafuna mahindi. Nilipomaliza akaigonga muhuri.

Antena imebaki pale pale, mbuzi wanaimalizia. Sasa jua lina Jumamosi saba kwa juma.

Mama yako amepitisha kidole kwenye majedwali yako, akauliza hivi vistari kila baada ya siku sita ni vya nini. Nikamwambia, "Hapo nilikuwa na wewe kanisani."

Akafikiri kidogo.

"Ulikuwa unasinzia," akasema.

Baba yako