Nguo ya Kubana kwa Upepo wa Jumamosi

Alhamisi, mjini Baraka. Jua kali, ziwa limechafuka.

Upepo wa kusini utazidi kufikia Jumamosi, amesema leo binamu yangu Bahati, aliyejifunza Bujumbura kuteleza juu ya maji kwa ubao huku akivutwa na tiara. Amesema pia kwamba nikitetemeka tena, hanipeleki tena.

Ana haki. Wiki iliyopita nilivaa koti zito, kama abiria wa mitumbwi ya injini wanaokwenda Uvira. Koti likanywa maji. Ziwa lenyewe si la baridi. Baridi ilikuwa ya upepo kwenye nguo mbichi. Vidole vikakataa kushika, tiara ikaanguka, Bahati akaja kunivuta.

Tangu hapo situlii. Nimeripoti habari za watu waliozama, nikala, nikalala. Hili la vidole linaniamsha.

Leo nimepata nguo ya michezo ya majini sokoni, kwenye kibanda cha shangazi Zaina, anayeuza mitumba: nyeusi, ya mpira laini, inafunika mikono na miguu. Hutunza joto ikibana tu. Ikipwaya, maji hupita ndani. Hii inanibana.

Hapo ndipo penye shida.

"Mwajuma, hii iko nguo ao ngozi ya kambale?" akauliza shangazi. "Itakuchora mwili yote. Na banaume banatoka ku muskiti, banakuangalia!"

Mimi pia sitaki kutazamwa.

Jioni niliivaa, nikafunga kitenge juu yake, nikaingia ziwani hadi kiunoni. Wimbi la kwanza likakizungusha miguuni, nikaanguka kifudifudi. Shangazi, aliyenifuata mpaka mchangani, akacheka mpaka akakaa chini.

"We journaliste, andika na hiyo!"

Kisha akapekua mfuko wake wa mitumba, akanitupia kaptula pana ya mpira wa miguu na jezi ndefu. "Vala hizi juu. Batoto banachezaka nazo ku mvua, hazilemee."

Nikaingia tena. Miguu ilikuwa huru. Nilipotoka nilisimama kwenye upepo, nikafumba na kufumbua vidole. Vilitii.

Lakini pale maji yalinifika kiunoni tu. Huko mbali sijui.

"Jumamosi nitakungoya na kitenge pale maji inaishia," alisema shangazi tukipanda nyumbani. "Utoke ku maji, uingie ku kitenge."

Nimeikunja nguo, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Tutaingia ziwani Jumamosi, saa mbili asubuhi.