Tableti Iliyonifedhehesha Darsani

Alkhamisi, 6 Novemba

Mbaazi za kesho nimeloweka. Mikeka nimekung'uta. Vikombe bado, sina nguvu ya vikombe leo.

Mie nasema, tableti yaandika. Saumu, mwanangu aliyeko Maskati, ndiye aliyeniwekea hivi. Kalamu mie sikushikishwa. Chuoni nilisoma msahafu, kisha nikatolewa nikauguze nyanya, na nyanya yule alikuwa na ulimi! Hayo mengine.

Darsa ya Alkhamisi, ya hapa kwangu, imeharibika. Wanawake wamejaa ukumbini, ustadha yuwasema kwenye kioo cha tableti habari za udhu. Mara kioo kikageuka. Mwanamke nusu uchi, acheka, pesa zamwagika mbele yake. Nikafunga. Ukurasa mwengine. Nikafunga. Mwengine. Bi Rukia, jirani yangu, kafunika uso na mtandio, jicho moja nje.

"Haya ndiyo uangaliayo ukiwa peke yako, Bi Mwanasha?"

Wakacheka. Kisha Rukia kasema, mambo haya yasipokwisha, Alkhamisi ijayo darsa iende kwake. Hakuna aliyempinga. Hilo ndilo lililonichoma.

Jumamosi, 8 Novemba

Usingizi sina. Tangu mzee wangu afe, Alkhamisi ndiyo siku pekee nyumba hii ina sauti. Siku nyengine nasema na kuku. Kuku wenyewe wawili, mmoja hanipendi.

Darsa ikienda kwa Rukia hairudi. Rukia ana makochi. Ana feni mbili. Mie nna mikeka na kahawa ya tangawizi.

Nimeipeleka tableti kwa fundi wa simu sokoni. Kasema ina virusi. Kafuta kila kitu, hata hii ya kusema ikaandika, ikabidi anirudishie, na darsa pia kanirudishia. Ikawa kama siku ilipotoka Maskati. Nikafurahi hata nikanunua samaki, changu. Wadogo, lakini wabichi. Samaki wa siku hizi hawana haya, wauzwa wangali watoto.

Jumapili, 9 Novemba

Zimerudi.

Nimefungua darsa nisikize peke yangu, hazikukawia. Kamari. Dawa ya kupunguza tumbo. Alama nyekundu yarukaruka kama moto. Nimeisomea Yasini. Nzima, bila kuruka, nikaipulizia. Kunyanyua uso tu, mwanamke wa pesa huyo hapo.

Nataka kuitosa kisimani. Wallahi.

Jumanne, 11 Novemba

Rukia ashafua mapazia. Nimeyaona yaning'inia uani kwake, ya kijani. Mtu hafui mapazia bure katikati ya wiki.

Chakula hakipiti. Nimepika wali nikawapa kuku. Nilitaka kusema habari ya Saumu, kwamba nikimwambia atasema mama nitakununulia nyengine, na mie sitaki nyengine, nataka

Huyo mwanamke wa pesa kaja tena. Toka. Toka! Sasa yaandika toka. Astaghfirullah. Basi leo.

Jumatano, 12 Novemba

Mama Brayo, mpangaji wangu wa chumba cha uani, mtu wa bara, yuwafanya kazi hotelini. Nilikuwa namficha. Yeye Mkristo, aone picha zile nyumbani kwangu atasemaje? Leo kaja kuteka maji, kaziona. Hakushtuka hata. Kaketi juu ya mbuzi ya nazi.

"Bibi, hebu nionyeshe vile unafanyanga."

Nikafungua. Kabla ustadha hajatokea, kikaja kile kikaratasi cheupe cha kwenye kioo. Kila siku chaja, chauliza. Nikabonyeza upande wa kulia, kama kawaida yangu.

"Ngoja! Hapo umefanya nini?"

"Nimemkaribisha."

"Umemkaribisha nani?"

Nikamweleza. Kilipotokea mara ya kwanza Saumu alikuwa hapa likizo, akanisomea: mama, yaomba ruhusa. Sasa mtu kaomba ruhusa, kwa adabu, mlangoni pangu, nimwambie toka? Mie nimelelewa mtu akipiga hodi aambiwa karibu, hata kama ndani hakuna sukari. Basi nimewakaribisha wote. Fundi kawafukuza, mie nikawaita tena.

Mama Brayo kacheka mpaka kashika ukuta.

Kanipeleka ndani ya mipangilio. Wamo humo, wamejipanga kama watu wa foleni ya unga, wote niliowaruhusu mie waniletee matangazo. Akataka niwatoe mwenyewe, mmoja mmoja. Mkono ulikuwa mzito. Nilihisi vibaya, siwezi kusema uongo.

"Hao si watu, Bibi. Hawataumia."

Kanionyesha la kubonyeza: neno la kukataa, la upande wa kushoto, laanza na mstari uliopindwa mara mbili. Nikalitazama mpaka nikalijua sura.

Nimetuma watu wakaseme darsa ni hapa.

Alkhamisi, 13 Novemba

Wamekuja. Rukia wa mwisho, kaketi mlangoni, viatu karibu naye.

Nimefungua. Kikaratasi kikaja, mbele ya wote. Nikatafuta mstari uliopindwa. Nikabonyeza. Kikaondoka, hakikulalamika. Ustadha kasema mpaka mwisho, na hakuna mtu uchi aliyekuja.

Wenzake walipotoka, Rukia kabaki. Kazunguka ukumbini, kasifu kahawa, kasema jua kali. Mwisho katoa simu kifuani.

"Yangu yaonyesha wanaume."

Sikumcheka. Na nilikuwa nimemtayarishia maneno, wiki nzima. Nikampisha mkekani. Naye kumbe hakumnyima mtu ruhusa hata siku moja. Tukawatoa mmoja mmoja, taratibu. Karibu na magharibi tukamaliza.

Akivaa viatu kaniuliza Alkhamisi ijayo alete bajia ama viazi vya karai.

Nikamwambia bajia.