Niliwaua Buibui wa Mume Wangu, Akalaumiwa Jirani

Mpendwa Bi Mshauri,

Naomba msaada wako, na naomba usinihurumie kabla hujafika mwisho wa barua hii, kwa sababu kila anayenihurumia hajui nililolitenda. Gazetini niite Emily tu. Mimi ni Mgiriama wa Ganze, nina miaka thelathini na mmoja, nimeolewa na Kiponda, dereva wa tuktuk hapa Malindi, na tunapanga vyumba viwili mtaa wa Kisumu Ndogo, mwaka wa nne sasa.

Mume wangu hufuga buibui. Sisemi hawa wadogo wa kwenye dari, nasema wale wakubwa wenye manyoya, mmoja anajaa kiganja, ambao wageni huwaita tarantula. Alianza alipokuwa akifanya kazi Watamu, kwenye banda moja la kuwaonyesha watalii nyoka na wadudu, na korona ilipoingia watalii wakakatika, mwenye banda akafunga akarudi kwao, nyoka wakapata wa kuwachukua lakini buibui hakuna aliyewataka, basi Kiponda akawatia saba kwenye masanduku ya plastiki yenye matundu, akapanda nao bodaboda mpaka nyumbani, mtu hana kazi, hana unga, ana buibui saba. Mke aliyekuwa naye wakati huo akamwambia chagua, mimi au hao, kisha akafunga nguo zake akaondoka, na madereva wenzake wakamcheka, na yeye kila asubuhi bado akawa yuko kwenye majani kando ya barabara akitafuta panzi na nyenje wa kuwalisha.

Hakunificha. Kabla hajaleta wazee kwetu alinipeleka kwake akanifunulia masanduku, akasema, "Emily, hawa ndio nilio nao. Ukiwakataa nitakuelewa, lakini sitawaacha." Nikamjibu nitazoea. Nilimdanganya, lakini nilimpenda, na nilidhani mwanamume akishatulia na mke hayo mengine huyaacha mwenyewe.

Hakuyaacha. Zile mvua za El Nino zilipotuingizia maji ndani mpaka godoro likaelea, alitoa masanduku ya buibui kwanza ndipo akarudia cherehani yangu, ambayo ilikuwa imeshazama, na hata hivyo buibui wawili walikufa, na nilimwona akilia, mtu mzima na maji magotini, nami nililia cherehani yangu kivyangu. Watano waliobaki akawatengenezea rafu ukutani. Mkubwa wao, jike la tangu Watamu, alimwita Bibi.

Mwaka jana nikashika mimba. Mama mkwe alikuja akatazama ile rafu, akasema, "Mtoto hakai tumboni mwa mwanamke anayelala na vitu hivi." Wanawake wa kanisani nao wakasema yao. Nilicheka. Mimba ilipofika mwezi wa tano ikatoka. Kiponda alikuwa barabarani na simu yake haina chaji, na aliyenipeleka hospitali alikuwa jirani yetu Mama Kasiva, mjane wa Kikamba anayekaanga viazi karai pale langoni, tumetenganishwa na ukuta mmoja tu. Alinifunga kwa leso yake mwenyewe. Aliacha karai motoni.

Nililazwa siku tatu. Siku ya kurudi, Kiponda alinishusha, akanishika mkono mpaka kitandani, akanifunika, kisha akaenda sebuleni kwenye rafu yake. Nikaanza kulia kwa sauti. Akaja mlangoni, akaweka kidole mdomoni, akasema, "Polepole, mpenzi. Bibi anajivua ngozi. Akishtuka atakufa."

Bi Mshauri, nilinyamaza. Nimetoka kumpoteza mtoto na ninaambiwa ninyamaze buibui asisumbuliwe, nami nikanyamaza, na tangu saa hiyo kitu kikaanza kuchemka ndani yangu na sikukiteremsha.

Wiki tatu baadaye Kiponda akaenda Rabai kumzika mjomba wake, siku mbili. Asubuhi ile niligonga kwa Mama Kasiva, nikamwomba mkebe wake wa dawa ya kupuliza, nikamwambia mende wamezidi. Akanipa. Nikafungua vifuniko vya masanduku kimoja kimoja, nikapuliza, nikafunga. Buibui akifa hukunja miguu yote ndani, kama ngumi. Bibi nilimwacha wa mwisho. Nilipomaliza nikafuta masanduku kwa sabuni, nikafungua madirisha, nikarudisha mkebe. Sikuhisi nafuu yoyote, kama hilo ndilo unalotaka kuniuliza.

Aliporudi alisimama mbele ya rafu hata mkoba hajautua. Akaniuliza, "Kumetokea nini?" Na mimi nikasema neno moja tu, nikasema nilisikia harufu ya dawa kutoka kwa Mama Kasiva, labda imepita juu ya ukuta, maana ukuta wetu haufiki kwenye bati.

Kiponda si mtu wa ugomvi. Lakini alitoka akasimama mlangoni kwa yule mama, wapangaji wote wakatoka, akamwambia, "Nilikuomba tangu siku ya kwanza, ukitaka kupuliza dawa uniambie niwatoe nje. Nilikuomba au sikukuomba?"

Mama Kasiva akasema, "Uliniomba, mwanangu."

"Mkebe ule pale mlangoni pako ni wa nani?"

"Ni wangu."

"Basi ni nani aliyepuliza?"

Mimi nilikuwa nimeinama kwenye jiko langu nakoroga mchuzi ambao haukuhitaji kukorogwa. Mama Kasiva aliniangalia. Aliniangalia kwa muda ambao kila mtu angeuona kama angekuwa anamtazama yeye. Kisha akamgeukia mume wangu akasema, "Haya. Kama ni mimi, basi ni mimi. Nisamehe." Akaingia ndani. Mpaka leo sijui kwa nini hakusema.

Kiponda akaenda kwa mwenye nyumba kushtaki, na mwenye nyumba alikuwa na mpwa wake anayetafuta chumba, basi ikawa sababu, mama wa watu akapewa mwezi mmoja, akahamia kwa dada yake Mariakani. Pale langoni sasa hakuna anayekaanga kitu.

Na lililo baya zaidi ni hili. Kiponda alipokuwa akiwazika wale watano nyuma ya bafu, nilisimama karibu naye, na bila kuniangalia akasema, "Siku ile uliyotoka hospitali sikujua la kukwambia. Nilikwenda kuwalisha kwa sababu ndiyo kazi pekee iliyoijua mikono yangu siku ile. Nilikosea. Nimekuwa nikitafuta jinsi ya kukuomba radhi." Alisema hivyo, Bi Mshauri, na ameshika jembe.

Sasa ameanza upya. Mwezi uliopita alimpata mmoja chini ya gogo shambani kwetu Ganze, mdogo kama sarafu, akamtia kwenye chupa ya mdomo mpana akatoboa kifuniko. Juzi aliniletea akasema, "Huyu tumlee sote wawili. Mpe jina wewe." Sijampa. Dada yangu Janet, ambaye ndiye pekee anayejua, aniambia ninyamaze, wale walikuwa wadudu na wamekufa, ndoa haivunjwi kwa wadudu. Lakini Mama Kasiva amepiga simu kwamba Jumamosi atakuja kuchukua kabati lake lililobaki stoo, na Kiponda ameapa kwamba mguu wa yule mama hautavuka lango lile. Moyo wanisuta, chakula hakipiti. Niseme au ninyamaze? Nikisema atanifukuza. Nikinyamaza sijui nitamtazama vipi yule mama.

Emily, Malindi

*

Emily,

Jumamosi haitasubiri gazeti, kwa hiyo jibu hili ninakutumia kwa simu kwanza.

Pole kwa mtoto wako. Naona katika barua ndefu namna hii hakuna aliyekupa pole hiyo ila jirani uliyemponza. Na nikuondolee jambo moja kabla sijakukaripia: buibui hatoi mimba. Nenda kliniki, kaa mbele ya muuguzi, uulize kwa nini mimba yako ilitoka na ufanye nini ukishika nyingine. Mama mkwe na wale wa kanisani walikuongezea mzigo wakati umeelemewa, na usiwaruhusu tena.

Mumeo naye alikosa. Mwanamke aliyetoka kupoteza mtoto haambiwi anyamaze kwa ajili ya kiumbe chochote kinachotambaa. Lakini yeye alikosa kwa kutojua, na alipojua akakiri. Wewe ulipanga, ukaazima dawa, ukafuta masanduku kwa sabuni. Ungeweza kumwambia, "Umeniumiza." Neno hilo lingekuwa dogo kuliko yote uliyolazimika kusema baadaye.

Na uliolewa ukijua. Mtu aliyeachwa na mke, akapoteza kazi, akaingiliwa na maji, na bado kila asubuhi yuko majanini akitafuta panzi, ulidhani ataacha kwa ajili ya nani? Si lazima uwapende buibui wake. Mimi mwenyewe nisingelala nyumba hiyo. Lakini ulikuwa na haki ya kukataa mlangoni, hukuwa na haki ya kuua ndani.

Wasema hujui kwa nini Mama Kasiva hakusema. Wajua. Alijua mkebe uliazimwa na nani. Alikufunga leso yake, aliona kilichokutoka, na siku ile aliamua kwamba wewe huwezi kubeba jambo lingine tena. Alikubebea yeye. Kisha ukamwacha aendelee kubeba mpaka Mariakani. Hilo ndilo kosa lako kubwa, Emily, na dada yako Janet anapokwambia unyamaze kwa sababu walikuwa wadudu, mwambie Mama Kasiva si mdudu.

Kwa hiyo sema, na useme kabla ya Jumamosi. Mume wako akishakula mchana, mketishe, umwambie hivi: "Buibui niliwaua mimi, kwa mkebe niliouazima. Mama Kasiva hana hatia." Halafu nyamaza. Usianze na mimba, usianze na kile kidole alichoweka mdomoni. Hayo yana siku yake, na ukiyatanguliza yatakuwa ngao. Jumamosi msubiri Mama Kasiva langoni, useme mbele ya wapangaji walewale, kwa sauti ileile uliyowahi kulia nayo. Kisha nenda kwa mwenye nyumba, usafishe jina lake huko pia. Na yule buibui mdogo usimguse wala usimpe jina mpaka mumeo akuombe tena akiwa anajua anayemwomba ni nani.

Waniuliza kama atakufukuza. Huenda. Siwezi kukuahidi kwamba hatafanya hivyo.

*

Jibu hilo lilimfikia Emily siku ya Alhamisi. Jumatatu alituma ujumbe huu, na ameruhusu uchapishwe.

Bi Mshauri, nilisema Ijumaa. Kiponda hakupaza sauti. Alisukuma sahani. Kisha akauliza jambo moja tu: "Bibi alichukua muda gani?" Nikamwambia kweli, nikamwambia karibu nusu saa. Akainuka, akachukua ile chupa na shati moja, akaenda kulala kwa dereva mwenzake, Laban. Hajarudi.

Lakini Jumamosi alikuja. Mama Kasiva alipofika langoni alimkuta amepaki tuktuk, na kabati ameshalitoa stoo mwenyewe. Kiponda aliinama akamshika miguu, Mama Kasiva akamwinua. Mimi nikatoka nikasema yote mbele ya watu. Wengine waliguna, mmoja akatema mate. Mama Kasiva akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nilikunyamazia nikijua kesho yake utasema mwenyewe. Nikangoja. Nikafunga vyombo vyangu huku nangoja. Hata siku ya kuondoka niligeuka nyuma mara mbili." Nikamwomba arudi, nikamwambia nitamwombea chumba. Akasema, "Hapana, Emily. Nimekusamehe, lakini siwezi kuishi na wewe ukuta mmoja." Kiponda akampeleka stendi na kabati lake. Nyumba imekuwa kubwa. Kwa mwenye nyumba sijaenda, naona haya. Na sasa yafaa nini, ikiwa mwenyewe amekataa kurudi?

*

Emily,

Yafaa kwamba ni kweli. Mama huyo atatafuta chumba mahali pengine siku moja, na mwenye nyumba wenu ataulizwa ni mpangaji wa namna gani, na leo jibu lake ni kwamba ni mtu wa kuua mifugo ya wenziwe na kuvuruga amani ya watu. Hakuna anayeweza kulibadilisha jibu hilo ila wewe.

Mumeo usimfuate kwa Laban wala usimtumie watu. Kaa kwako, fanya kazi yako, nenda kliniki. Akija kuchukua nguo, mpikie, umwache aseme au asiseme. Akirudi atarudi na chupa yake, na utampisha apite nayo.

Kwa mwenye nyumba nenda kesho asubuhi, kabla hajatoka kwenda kwenye shughuli zake. Nenda peke yako, Janet abaki nyumbani. Kuona haya unaweza ukiwa njiani, lakini usigeuke.