Baba, Bwawa Lako Limejaa Maji

Baba,

Ulipokata roho, mtu alifunga maji. Naanza na hilo kwa sababu hata wewe ungeanza na hilo. Salamu kwako zilikuwa kitu cha kupewa wageni. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya meza yetu, maana Kijaluo changu ulikicheka na Kikuria cha Mama hukukiweza mpaka mwisho.

Mama alikuwa amekushika miguu, mimi mkono, na huko nje bomba lilikuwa linamimina maji kwenye bwawa lako jipya la kuogelea. Mama alipopiga nduru ya kwanza, Owino, msimamizi wa mafundi, aliisikia. Akavua kofia, akaenda kwenye pampu, akaizima. Boma likifiwa jembe linawekwa chini, nyundo inawekwa chini, na hakuna kazi mpaka mwenyewe azikwe. Ndivyo tulivyolelewa hapa Sindo, nani angemlaumu?

Kumbe plasta ya bwawa haijui matanga. Ile nyeupe uliyoichagua mwenyewe, ya saruji na chenga za marumaru, ikishapigwa inatakiwa ifunikwe na maji ingali mbichi. Na maji yakianza kuingia hayasimami mpaka yafike juu. Yakisimama yanaacha alama isiyofutika, na sehemu iliyobaki juani inakauka upesi na kupasuka. Kontrakta wetu, Bwana Oluoch wa Homa Bay, alilijua hilo vizuri. Lakini asubuhi ile alikimbilia kazi nyingine, akamwachia Owino maneno mawili tu: fungua maji. Hakumwambia asiyafunge.

Ukalala mochari muda mrefu, tukingoja ndugu zako wakubaliane. Unawajua. Hema lilisimamishwa kando ya bwawa, wapishi wakaweka mafiga, na yale maji yakawa ya kuoshea sufuria. Walichota, wakachota, mpaka sakafu ikaonekana. Kufa kufaana, hata paka wa jirani alinenepa. Bwana Oluoch naye alikuja. Alikula, akasimama mbele ya watu na kipaza sauti, akakusifu mpaka Mama akalia upya. Bwawa lilikuwa linakauka nyuma yake, analiona. Akanyamaza, akapanda gari lake, akaenda.

Tulipokwisha kukuzika ndipo nikaenda kuliangalia. Baba, nilikaa chini kwenye nyasi. Ukuta mzima ulizungukwa na mstari wa kahawia, na juu ya mstari plasta ilikuwa imepasukapasuka kama tope la kiangazi, ukiigusa kwa kidole inabanduka. Nilikaa nikiutazama ule mstari. Ulikuwa pale pale maji yalipofika ulipokata pumzi. Chini ya mstari nilikuwa na baba. Juu ya mstari sina.

Watu walikucheka sana ulipoanza kuchimba. Ati ziwa zima liko mbele ya mlango wake naye anachimba la kwake! Wewe ukacheka pamoja nao, ukawaambia ziwa lina viboko na kichocho, suimingi yako haina. Hukuwaambia zaidi. Lakini mimi na Mama tulijua unamchimbia nani. Boti ilipopinduka na kaka yangu Ouma, ufuo ulikuwa karibu kabisa, watu wanamwona. Mtoto wa fundi wa injini za boti, amezaliwa ziwani, amekula ziwani, na hajui kuogelea. Siku tuliyomzika ulisema, "Nilimfundisha injini, maji sikumfundisha." 

Na Akoth, binti yake, aliona wakimtoa baba yake majini. Tangu hapo kumwogesha ni vita. Kichwa anapanguswa kwa kitambaa kama mgonjwa, beseni likijaa anatoka mbio. Ndipo ukauza mafahali wako mnadani Ogwedhi, ukamwita kontrakta. Ulimkalisha Akoth gotini, ukamwambia, "Nyakwara, mjukuu wangu, tutaingia mimi na wewe. Nitakushika. Sitakuachilia hata kidogo." Alikubali, Baba. Ni wewe peke yako ambaye yeye alikubali kuingia naye.

Sasa nikuambie yaliyofuata, usikasirike. Baba mdogo Ogola alikuja, mikono nyuma, akalizunguka bwawa kama mtu anayenunua ng'ombe. Akasema shimo la marehemu halimaliziwi, likiachwa wazi linaita mwingine, lijazwe udongo tupande ndizi. Hakungoja jibu. Kesho yake udongo ulimwagwa hapo langoni, trekta nzima. Nikamwambia aubebe akapande ndizi kwake. Haki ya Mungu nilimjibu mbele ya wake zake! Najua, ni mdogo wako na nilikosa adabu. Ungenigombeza. Lakini ungecheka kwanza, nakujua.

Nikampigia simu Bwana Oluoch. Simu ya kwanza hakushika, ya pili hakushika, nikatumia simu ya Mama, akashika. Alikuja na mkebe wa rangi ya buluu. Rangi, Baba! Ati, "Tutapaka, dada, hakuna atakayejua." Nilipomwuliza rangi itashikaje kwenye kitu kinachobanduka, akahamishia lawama kwa waombolezaji, wao ndio waliochota maji. Kisha akahamia kwa Owino, yeye ndiye aliyefunga. Na Owino yuko hapo hapo, kofia mkononi.

Nilikuwa nimemwekea Owino matusi yake, nimeyapanga njia nzima kutoka Migori kazini. Kabla sijafungua mdomo akaniambia, "Dada, ningewezaje kuacha maji yakimbie na mwenye boma ametulia?" Machozi yalikuwa yanamtoka, mzee mzima. Matusi yakaniishia mdomoni. Yule alikuheshimu kwa namna anayoijua yeye, na heshima yake ndiyo iliyoharibu kazi yako. Nimfanye nini mtu kama huyo?

Kwa hiyo nikamgeukia mkubwa wake. Nikamwambia: ulisimama hapa na kipaza sauti ukimsifu mtu, huku kazi yake inakufa nyuma ya mgongo wako. Ungeninong'oneza neno moja tu, ningeyafungua yale maji mwenyewe katikati ya kilio, na wazee wangenitukana, na Baba angefurahi. Uliona aibu kuzungumza kazi matangani, au uliogopa kuambiwa umekosea? Aliuweka chini mkebe wake wa rangi. Mwishowe akasema kosa ni lake, hakumwelekeza Owino. Akasema ataibandua yote na kuipiga upya kwa mfuko wake, na safari hii hatoki hapo mpaka maji yafike juu.

Siku ya kubandua, Mama alitoka nje. Tangu mazishi alikuwa hajalitazama bwawa; hata kiti chake alikigeuza. Alitelemka kwa ngazi ya mafundi na lile gauni lake jeusi, akaweka kiganja kwenye mstari, akaufuata polepole kuzunguka bwawa lote, kona kwa kona, mpaka alipoanzia. Hakuna aliyegusa tindo. Mimi nilitaka kusema waache kipande kidogo, hata cha upana wa mkono.  Mama akajifuta vumbi, akasema kwa ile sauti yake isiyobembeleza, "Toeni."

Wakatoa. Nilisimama pale nikisikia nyundo, nikaona unakufa mara ya pili na mimi ndiye niliyewaita. Vipande vilipakiwa kwenye mkokoteni vikaenda kutupwa. Sikuokota hata kimoja, na mpaka leo najiuliza kwa nini.

Plasta mpya ilipigwa, maji yakafunguliwa, na Bwana Oluoch alikaa kando ya pampu na chupa ya chai kama askari wa benki. Hayakusimama. Bwawa lako limejaa, Baba. Ni jeupe, halina doa, jua likipiga linatuumiza macho. Ni zuri mpaka linaniudhi. Baba mdogo mwenyewe alikuja akaliangalia, akasema "mm," akaenda.

Ungedhani nilishinda. Mimi pia nilidhani.

Akoth alitoka shule, akasimama mbali, begi mgongoni. Akaniuliza babu atakuja lini kumwingiza. Anajua umekufa, alitupa udongo kaburini kwa mkono wake, lakini ahadi ni ahadi na wewe hukuwahi kumdanganya. Nikamwambia mimi nitamshika. Akanitazama juu mpaka chini, akauliza, "Wewe unajua kuogelea?"

Sijui, Baba. Mama hajui. Baba mdogo hajui. Owino hajui, na Bwana Oluoch, anayejenga mabwawa mpaka ya mahoteli, nilimwuliza, hajui. Boma zima, aliyejua ni wewe tu, na tumekuweka chini ya udongo. Nimegombana na watu, mzee Owino amelia mbele yangu, nimeifuta alama yako ya mwisho ukutani, nikidhani tukishapata plasta nzuri tumekupata. Hakuna kitu. Kuna maji tu, na mtoto anayeyapita kwa mbali akienda kuchuma mboga.

Siku nyingine nalichukia bwawa hili. Nakaa pembeni yake nikirudi wikendi, nakuita kimoyomoyo, nakasirika kwamba huitikii. Kwa nini ulikufa kabla? Ungengoja hata maji yajae. Nakuuliza kweli, si kwa kusema tu. Mama anasema niache kuuliza wafu maswali. Anasema "mos," ile pole yenu aliyojifunza kwako, na anapoitamka inakuwa kama wewe uko chumba cha pili, kisha nakumbuka, na inaniuma upya.

Baba, Migori kuna mama mmoja anafundisha watu wazima kuogelea kwenye hoteli. Nimempigia. Naanza Jumapili. Naogopa. Nikifumba macho namwona Ouma. Nitakunywa maji, nitapiga kelele, na watoto wa wenyewe watanicheka nikielea kama gogo. Siwezi kukuahidi kwamba Akoth ataingia. Huenda asiingie kamwe, na bwawa lako likae hivyo hivyo, jeupe, mpaka lituchoshe. Siwezi pia kukuahidi kwamba nitaacha kulia.

Ninakuahidi hili moja. Siku atakapouliza tena kama najua, nitamjibu ndiyo, na haitakuwa uongo.

Pumzika, Baba.

Binti yako,
Atieno