Mke wa Mbalizi

Jumapili, 6 Julai 2025
Baridi ya Kihesa leo haina adabu. Lakini nimetoka kanisani nimechangamka — ndoa ya Faustina imetangazwa! Faustina na Liberatus, tangazo la kwanza. Padri mpya akaongeza na darasa: matangazo haya yalienezwa Kanisa zima na Papa Inosenti wa Tatu, mwaka 1215, watu wasije wakaoana kwa siri. Mwenye kujua kizuizi aende ofisini kwake.

Karne nane, na Papa bado anauliza. Mimi ni nani nimnyime jibu? Maharusi wote wawili Wahehe, mimi jirani yao Mngoni. Harusi ya Wahehe ipite hivihivi, mtani yupo? Babu zangu wangenicheka.

Jumanne, 8 Julai
Nimekwenda. Kitenge cha Pasaka, uso wa msiba. Nikamwambia Padri huyu Liberatus ana mke mjini Mbalizi. Mnene, tena mkali. Nikasubiri acheke. Akachukua kalamu.

Ikabidi nieleze: utani tu, Padri, tunangoja bwana harusi alete kuku wa kumnyamazisha mtani. Akasema utani anaujua, hata kwao upo. Ila kizuizi kikishatajwa mbele yake hana ruhusa ya kukicheka, lazima aulize parokia ya huko. Na kweli Liberatus hupeleka mchele wa Madibira Mbalizi kila mwezi.

Nimecheka njia nzima. Papa huyo hakuwa na watani!

Jumapili, 13 Julai
Tangazo la pili halikusomwa. Mama yake Faustina amenipita kana kwamba sipo. Faustina mwenyewe kanikumbatia — Mngoni wewe, safari hii utalipa mbuzi. Anacheka, lakini macho yamevimba. Gauni liko kwa fundi, ndugu wa Njombe wameshaalikwa. Nimeona aibu. Kesho narudi kwa Padri, afute.

Liberatus sikumwona. Wanasema aliondoka kwa mlango wa nyuma.

Jumatatu, 14 Julai
Padri hafuti. Anangoja jibu la Mbalizi. Haya, Inosenti, umeshinda.

Jumatano, 16 Julai
Liberatus kaja na kuku! Jogoo mwekundu, kafungwa miguu. Nikapiga vigelegele peke yangu, nikamwambia mtani ameridhika, nakwenda kuapa kwa Padri kwamba nilitunga.

Hakucheka. Alikaa ukingoni mwa kiti, kofia anaizungusha mikononi.

"Nenda leo hii, Mama Frida," akasema. Kisha, sauti chini: "Esnath ndiye aliyekupigia simu?"

Mimi sikumtajia mtu jina lolote. Sikuwa nalo.

Ameondoka. Jogoo yuko palepale mlangoni, sijamfungua. Faustina katuma meseji: gauni limetoka kwa fundi, anakuja kunionyesha, niwe wa kwanza kuliona. Namsikia getini. Anaimba.