Mafiga ya Desideri

Jumatatu, 3 Juni
Nimepura maharage mpaka saa nne. Mgongo umegoma. Nikabandika chai, nikapuliza moto, moshi ukanitoa machozi kama kawaida. Jiko la gesi aliloniletea Editha bado liko sebuleni, limefunikwa kitambaa, redio juu yake. Binti yangu anasema walimu wenzake kule Biharamulo wameacha kuni. Hongera zao. Mimi na mafiga yangu tumezoeana.

Mchana wakaja mafundi wa umeme na kamba ya kupimia. Umeme, jamani! Miaka yote tunautazama ukipita barabarani kwenda kwa wengine. Wakapiga kigingi chekundu katikati ya migomba yangu. Jumatano ijayo wanachimba shimo la nguzo. Nimewapa ndizi mbivu, nimeshukuru hadi wakaona haya. Walipoondoka ndipo nikamkumbuka Desideri.

Jumanne, 4 Juni
Sikupata usingizi mzuri. Niandike yote.

Desideri ni mtoto wa Nahimana, mkimbizi wa Burundi. Enzi zile mama huyu alikuwa akitoka kambini Lukole kuja kutulimia, nasi tunampa mihogo. Mtoto akaharisha siku mbili tu. Alifia shambani kwetu, mgongoni mwa mama yake. Miezi minane. Marehemu mume wangu akasema azikwe hapa hapa kwenye migomba, kama mtoto wa nyumbani. Vita vya kwao vilipokwisha, Nahimana akapanda lori akarudi. Nilimwahidi: nenda, mimi nipo, nitamtunza.

Sasa sijui kaburi liko wapi.

Alama yangu ilikuwa mgomba mmoja mnene. Lakini migomba hutembea, kila chipukizi linachomoza pembeni ya mama yake. Jambo hilo analijua kila mtoto wa Bukiriro. Mimi, mwalimu mstaafu, nililisahau.

Alhamisi, 6 Juni
Jirani yangu Generoza anauza ndizi kwenye soko la mpakani. Juzi nilimtuma aulizie habari za Nahimana. Leo kaniletea namba ya simu kwenye kipande cha karatasi. Zamani barua ilichukua miezi, au haikufika kabisa. Leo nimebonyeza tu.

"Amahoro, Mwalimu!" Nahimana akanisalimu kwa Kirundi.

Tumelia kwanza, kisha tumeongea. Aliporudi alikuta wageni wamejenga kwenye shamba lake. Kesi miaka minne. Amani ikaja, uchaguzi ukaja, vurugu zikarudi, mpaka wa nchi ukafungwa. Wanawe wawili wakakimbia tena. Yeye akakataa. Anasema kukimbia mara moja kunamtosha mtu. Sasa kijana wake mkubwa ana pikipiki, na simu ni zawadi yake. Nilikuwa namsikiliza nikimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Halafu akauliza, "Yale mafiga yangu bado yako juu ya mtoto?"

Nikasema mtandao unasumbua. Nikakata. Muongo mimi.

Ijumaa, 7 Juni
Mafiga. Siku ya kuondoka alikuja na mawe yake matatu ya kupikia kambini, akayapanga juu ya kaburi. Mtoto asilale kwenye nyumba isiyo na moto, alisema.

Nami baada ya msiba wa mume wangu jiko la nje lilibomolewa na mvua. Nikawaambia vibarua waniokotee mawe shambani. Wakaniletea matatu mazuri, meusi upande mmoja. Nilifurahi sana, maana jiwe lililokwisha kuungua halipasuki. Sikujiuliza nani aliliunguza.

Miaka tisa nimechemsha maharage juu ya mawe ya kaburi la mtoto wa watu. Leo sijala.

Jumamosi, 8 Juni
Nimetoa redio. Nimetoa kitambaa. Nililiogopa jiko la gesi kama mwanafunzi wa darasa la kwanza, lakini likawaka.

Nimeyasugua yale mawe kwa majivu. Masizi hayatoki.

Nikampigia Nahimana. Nimemwambia yote, bila kuzunguka: kaburi limenipotea, mafiga nimepikia. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Nakuja."

Jumanne, 11 Juni
Amekuja. Mwembamba, mvi tupu, karatasi ya kuvukia mpaka imekunjwa ndani ya leso. Alikwenda moja kwa moja jikoni. Nikapiga magoti. Yeye akapapasa masizi kwa kidole.

"Nilidhani yamelala baridi miaka yote hii," akasema. "Kumbe yamekula nanyi. Inuka, Mwalimu, magoti yako ni mabovu."

Sistahili rafiki huyu.

Kisha akasimama mlango wa nyuma. Siku ile ya mazishi alirudi nyumbani akisali, na tangu kaburini hadi mlangoni zilitosha Salamu Maria saba. Hajasahau. Tukatembea tukisali pamoja. Ya saba ikaisha, tukakuta migomba tu. Akacheka. "Miguu hii siyo ile. Tuongeze moja." Katika ya nane mguu wake ukazama kidogo. Tukafagia majani makavu. Ardhi imebonyea, ndogo, kama kitanda cha mtoto. Kigingi chekundu kiko mkono mmoja kutoka pale.

Jumatano, 12 Juni
Nimeamka na hotuba. Kiongozi wa mafundi akasema shikamoo, nikasema marahaba, nikaanza na habari za kaburi. Akanikatiza.

"Mama, hata kwetu Bisibo tunazika shambani."

Akang'oa kigingi, akahesabu hatua kumi na moja, akakipiga upya. Basi. Hotuba yangu yote imebaki tumboni. Nimempa mkungu mzima.

Jumapili, 16 Juni
Nguzo imesimama. Nyaya bado. Sina haraka.

Nahimana ameondoka jana baada ya kulala kwangu siku nne. Mafiga mawili tumeyarudisha kwa Desideri. La tatu ameomba aende nalo kwake. Generoza alimsaidia kulifunga kwa kanga, mgongoni. Pale pale alipombebea Desideri. Akatembea hivyo hadi barabarani, akilituliza kwa mkono mmoja.

Kaburini, kwenye nafasi ya la tatu, nimeweka jiwe langu.

Asubuhi nimechemsha chai kwa gesi. Hakuna moshi. Nimelia kidogo hata hivyo, kisha nikanywa. Asante, Mungu.