Ukuta wa Joto Chumbani kwa Mzee

Jumatatu, 8 Julai 1996
Ng'ombe wamekamuliwa. Majani chai nusu kikapu tu, vidole vimekufa ganzi. Ukungu wa msituni haujaondoka tangu Ijumaa. Fundi Nyakundi amekuja saa tatu badala ya saa moja. Anasema kwao Kisii mtu hashiki udongo kwa baridi kama hii. Nimemwambia hapa ni Kimulot, chukua mwiko.

Anajenga ukuta wa matofali kati ya jikoni na chumba cha kulala. Ndani ameacha njia ya moshi, inapanda na kushuka kama utumbo wa mbuzi. Moto unawashwa jikoni, moshi unapita ndani ya ukuta, unatokea juu kwa bomba. Chumbani linabaki joto peke yake. Ndivyo anavyosema. Tutaona.

Daktari alisema kifua cha mzee wangu hakitaki moshi wala baridi. Basi yuko Siongiroi kwa binti yetu Chebet, kule kuna jua. Miezi mitatu sasa. Watu wananiuliza kama nimezoea. Sijazoea.

Alhamisi, 11 Julai
Bomba limewekwa, refu kupita kilele cha nyumba. Jirani yangu Tabutany alisimama kwa ua akicheka mpaka kikapu kikamwanguka. "Mama Chebet, umefungua kiwanda? Tulete majani kwako?" Kituo kizima cha kuuzia majani sasa kinasema hivyo.

Sipendi kuchekwa. Nimemwambia fundi akate bomba, lisionekane kutoka barabarani.

"Mama, moshi utarudi."

Nikamuuliza nyumba ni ya nani. Akakata.

Jumamosi, 13 Julai
Barua ya Chebet. Mzee anataka kurudi, anauliza habari za ndama kila siku. Atamleta Jumamosi ijayo, akague chumba. Kikiwa na moshi au baridi, anarudi naye siku hiyo hiyo, na mzee atakaa kule moja kwa moja. Mtoto niliyembeba mgongoni ananipa masharti.

Jumatatu, 15 Julai
Moto wa kwanza. Ukuta ulianza kushika joto vizuri kabisa. Kisha upepo ukashuka kutoka msituni, ukapiga paa, na moshi wote ukarudi ndani. Kuku walikimbia. Blanketi zote zinanuka. Nilimgombeza fundi mpaka akabeba vyombo vyake akaenda.

Kosa ni langu. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayesoma.

Jumanne, 16 Julai
Nimeenda kwa Nyakundi kwa miguu. Sikuomba msamaha. Nilimpelekea kibuyu kizima cha mursik, maziwa yaliyolala yakaganda vizuri. Alikunywa, akapangusa mdomo. "Bomba lirudi juu?"

Nikasema lirudi, na aongeze futi mbili.

Alhamisi, 18 Julai
Bomba limesimama. Linaonekana kutoka barabarani, kutoka kituo cha majani, labda hata kutoka Bomet. Liangaliwe. Upepo ulivuma mchana wote na moshi ukaenda zake juu. Chumbani nilivua sweta. Mimi, mwezi wa Julai.

Tabutany alikuja kucheka. Akaegemeza mgongo ukutani, hakutoka mpaka saa kumi. "Kiwanda hiki kinaandika wafanyakazi?"

"Kinaandika. Kalete kuni."

Akaleta kweli. Tumecheka mpaka mbavu zinauma. Siku nyingi sijacheka hivyo.

Jumamosi, 20 Julai
Wamefika. Chebet alikagua kama mkubwa wa serikali: kiganja ukutani, pua juu, mlango afungue, mlango afunge. Mvua ya mawe ikaanza kupiga mabati. Nikafurahi, apime vizuri. Mzee alikaa kitandani na koti lake. Saa nzima. Hakukohoa.

Chebet akasema, "Sawa, Mama."

Nilimwambia anywe chai aende kabla barabara haijawa matope. Kisha nikatoka nje kwa ndama nikalia kidogo kwa furaha. Haiwahusu.

Jumapili, 21 Julai
Sikuenda kanisani. Mungu anajua niko wapi. Mvua bado.

Mzee alivua koti, baadaye soksi. Aliniuliza kwa nini nimekonda. Nikasema ni kazi.

Sasa amelala, amegeukia ukuta, mkono juu ya matofali. Nimeongeza kuni mbili. Nimekaa hapa kando yake. Anapumua bila sauti.